Tusiseme "Tumezoea Jua"



Ndugu zangu, kuna kauli inanikera kila kiangazi kinapofika hapa Kawempe: "Sisi Waafrika tumezoea jua." Anayeisema huwa kijana mzima aliyekaa chini ya mwembe na chupa yake ya maji. Je, amemuuliza bibi yake aliye ndani ya chumba cha mabati kama naye amezoea?

Maji yakiingia majumbani Bwaise sote tunapiga kelele, kwani mafuriko yanaonekana. Joto humuua mtu akiwa kitandani, nasi tunasema ni presha au ni uzee, tunazika, basi.

Mtasema Kampala iko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni nzuri. Ni kweli kwa wakaao vilimani penye miti. Lakini hii mizigo tunayopanga bondeni haina dari, dirisha ni moja na hufungwa kwa kuogopa wezi, na sigiri inawaka mlangoni. Mzee hutoka jasho kidogo na kiu haisikii vizuri. Mtoto mchanga hupata joto upesi na hawezi kusema. Mjamzito anaweza kushikwa na uchungu kabla ya wakati. Anayemeza dawa za presha za kukojosha hukaukiwa haraka.

Mwezi Julai 1995 joto la siku chache liliua watu 739 katika mji wa Chicago, Marekani. Wengi walikuwa wazee masikini waliokaa peke yao, hakuna aliyewabishia hodi. Na katika Hija ya 2024 Saudi Arabia ilitangaza vifo 1,301, wengi wakiwa mahujaji wasio na vibali waliotembea juani bila kivuli. Hao nao hawakulizoea jua?

Enyi wenye nyumba! Kodi mnachukua kila mwezi, dari hamuweki, na mti mmeukata ili muongeze chumba. Mcheni Mwenyezi Mungu kwa wapangaji wenu.

Nanyi wazazi, miaka hii Ramadhani imekuwa ikiangukia miezi ya joto. Mgonjwa amepewa ruhusa ya kula katika Suratul Baqara, aya ya 185. Kumshurutisha mzee mgonjwa afunge si uchaji, ni kumdhulumu.

Mkimwona mtu mwili unamuwaka moto na maneno yanampotea, msingoje. Mpelekeni kivulini, mmwagieni maji, mpepeeni na mumkimbize hospitali. Aliyezimia asinyweshwe kitu.

Leo baada ya Adhuhuri, kabla hujajilaza, nenda kwa jirani yako mzee ukapige hodi. Mfungulie dirisha, mpe maji, kaa naye mpaka umwone ameyanywa.

Wabillahi tawfiiq.