Neno "Sitaki" Katika Hadithi za Mapenzi

Mwezi uliopita mpwa wangu, binti wa dada yangu, alikuja nyumbani baada ya sala ya Alasiri, akaniamkia, akaketi mkekani karibu na mlango, simu mkononi, kimya. Si desturi yake. Ni msichana wa miaka 19, anajifunza ushonaji mjini, na akiingia nyumba ya watu hata jirani hujua kuwa ameingia. Nikadhani anasoma hadithi, kwani siku hizi wasichana wetu wamezama katika hadithi za mapenzi zinazotumwa kwa simu sura baada ya sura, na utamu ukikolea hapo ndipo watakiwapo kulipa. Nikamuuliza kwa mzaha hadithi imefika wapi.

Akanijibu, "Mjomba, kuna mtu ananifuata."

Kijana huyo humvizia njiani jioni anapotoka kazini. Mara ya kwanza alimkatalia kwa adabu. Mara ya pili akamkatalia pasipo adabu. Kijana akacheka, akasema bandu bandu huisha gogo. Tangu siku hiyo amepata nambari yake ya simu, na amempelekea manukato kwa mkono wa mtoto wa jirani. Wanawake wa mtaani waliposikia hawakuudhika hata kidogo. Walisema mtoto wa watu kapenda. Mmoja wao alisema wenziwe wanailia bahati kama hiyo.

Lakini lililonichoma ni neno alilolisema mwisho, tena kwa sauti ndogo: "Mjomba, lau hii ingekuwa hadithi, yeye ndiye angenioa."

Ninaandika makala haya kwa sababu ya neno lile, na kwa sababu sikuwa na uso wa kumjibu. Mimi mwenyewe niliwahi kutunga hadithi ya namna hiyo. Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, nikaiandika katika daftari la mazoezi, nikawasomea wenzangu barazani. Shujaa wangu alimpenda binti wa mwalimu wa chuo. Binti akamkataa sura tatu nzima. Sura ya nne akamvizia kisimani, akamshika mkono asimwachilie mpaka akubali, na binti akakubali kwa machozi ya furaha! Wenzangu wakapiga makofi. Hakuna aliyeniuliza, wala sikujiuliza mwenyewe, nilijuaje kuwa machozi yale ni ya furaha.

Najua wako watakaosema hadithi ni hadithi tu, mtu huisoma akaitupa. Ningalikubaliana nao kama mambo yangelikuwa hivyo. Zamani mwari alifunzwa na somo wake, mtu mzima anayeulizika na kujibu. Siku hizi mafunzo ya kwanza ya mapenzi, kwa msichana na kwa mvulana, hutoka kwenye hadithi na filamu, na hizo haziulizwi. Yule kijana wa njiani hakuzaliwa akijua kwamba hapana ni mwanzo wa mazungumzo. Amefunzwa.

Wala mtindo huu hatukuubuni sisi. Mwaka 1919 mwanamke wa Kiingereza, E. M. Hull, alitoa riwaya iitwayo The Sheik. Diana Mayo, msichana wa Kiingereza mwenye kiburi na asiyetaka habari za kuolewa, anaondoka Biskra, katika nchi ya Algeria, kwenda kutembea jangwani. Anatekwa na Ahmed Ben Hassan, anawekwa hemani kwa nguvu na kunajisiwa, wala si mara moja. Anatoroka, anafuatwa, anarudishwa. Na papo hapo, angali mateka, anagundua kuwa anampenda mtekaji wake. Na kitabu hakiishi mpaka wawili hao wamebaki pamoja. Kilisomwa mno. Mwaka 1921 kikafanywa filamu, Rudolph Valentino akiwa ndiye sheikh. Watengenezaji wa filamu waliona haya, wakakuondoa kule kunajisi, lakini utekaji wakaubakisha.

Sisi watu wa pwani hatuna budi kusimama hapa kidogo. Jina la sheikh kwetu ni la mwanachuoni, mzee ambaye watu humwondokea akipita. Hull amelifanya jina la mteka wanawake. Tena si hilo tu. Mwisho wa kitabu yabainika kwamba Ahmed si Mwarabu kamwe: baba yake ni lodi wa Kiingereza na mama yake ni Mhispania. Yaani wakati wa dhambi alikuwa Mwarabu, na ilipofika zamu ya mapenzi ya halali akageuka Mwingereza. Uungwana gani huu! Na riwaya za masheikh wa jangwani zingali zikichapishwa mpaka leo chini ya jina la Mills & Boon, vitabu ambavyo enzi za ujana wetu vilipitishwa mkono kwa mkono madarasani, jalada limefunikwa kwa gazeti.

Tuna haki ya kukasirika. Lakini hasira isitufumbe macho tusione kwamba hadithi nyingi tunazojiandikia wenyewe zimemchukua sheikh yule yule, zikamvua kilemba tu. Leo amevaa suti, ana gari jeusi, baba yake ana kampuni. Anamfuata msichana, anamfukuzisha kazi ili amtegemee, anamfungia mlango, na msomaji anaambiwa kuwa hiyo ndiyo dalili ya pendo kubwa. Filamu za Kihindi tulizokulia nazo mijini nazo zimechangia: kijana humwandama msichana kwa nyimbo njia nzima, na wimbo wa tatu msichana hutabasamu.

Mtu atauliza, ikiwa mambo haya ni mabaya kiasi hicho, mbona wasomaji wake wengi ni wanawake? Swali hili si la kupuuza. Mwaka 1972 Mmarekani Kathleen Woodiwiss alitoa The Flame and the Flower, ambamo nahodha wa meli anamnajisi msichana akimdhania kahaba, na hatimaye ni yeye anayekuwa mume mpenzi. Mwaka 1984 mtaalamu Janice Radway alichapisha kitabu juu ya wanawake wa mji mmoja wa Marekani waliokuwa wasomaji wakubwa wa riwaya za mapenzi. Alipowauliza ni jambo gani halifai kabisa kuwamo katika riwaya hizo, kunajisi kulitangulia mengine yote. Na bado, miongoni mwa vitabu walivyovipenda zaidi, kilikuwamo hicho cha Woodiwiss!

Nimelifikiria sana jambo hili, na naona jibu liko karibu na sisi kuliko Marekani. Binti wa hadithi hana ruhusa ya kutaka. Akisema anampenda fulani, ni mhuni. Akicheka naye, hana malezi. Basi mwandishi afanyeje apate hadithi? Humletea mwanamume wa kumlazimisha, binti ayapate mapenzi pasi na lawama ya kuyatafuta. Msomaji aliyelelewa hivyo hivyo hupumua. Naye ana kinga ambayo mpwa wangu hana: ukurasa ukimtisha, huufunga. Msichana aliyenyimwa neno "nataka" hata "sitaki" yake haisadikiwi. Watu huihesabu kuwa ni adabu tu, wakangoja iive. Ndipo ulipotoka ule msemo wetu mbaya wa "sitaki nataka".

Hapa ndipo pia tunapoitumia vibaya ile hadithi sahihi ya Mtume (S.A.W.), kwamba idhini ya bikira ni kunyamaza kwake. Kila mtu anaijua, na kila mtu anaikata kichwa. Bibi Aisha (R.A.) ndiye aliyesema kwamba bikira huona haya, ndipo likaja jibu hilo. Maana yake ni kwamba kwanza aulizwe! Kimya cha mtu aliyeulizwa na akaona haya si kimya cha mtu aliyetishwa, wala si cha msichana aliyebanwa ukutani na mwandishi. Wahenga wetu nao hawakuwa wajinga waliposema kimya kingi kina mshindo mkuu. Najua madhehebu yetu ya Shafi yamempa baba uwezo juu ya binti yake bikira, kwa masharti yake. Sitaingia humo, mashekhe wapo. Lakini hata humo kumuuliza ni jambo lililopendekezwa, na khabari ya Khansa binti Khidam, mjane aliyeozwa na baba yake asipopenda na Mtume akaibatilisha ndoa ile, imo katika Bukhari.

Imo pia khabari ya Barira, na hiyo ndiyo niliyomsimulia mpwa wangu jioni ile. Barira alikuwa mtumwa, akaachwa huru, na uhuru ule ukampa khiyari ya kubaki na mumewe Mughith au kuachana naye. Akachagua kuachana naye. Mughith akawa anamfuata nyuma katika njia za Madina akilia, machozi yakimtiririka ndevuni. Hakuwa mtu mbaya. Alipenda kweli, hata Mtume akamwambia ami yake Abbas astaajabie pendo la huyu na chuki ya huyu. Mtume mwenyewe akamsemea kwa Barira, kwamba lau angemrudia. Barira akauliza kama hiyo ni amri. Akajibiwa kuwa si amri, ni kuombea tu. Akasema basi hana haja naye. Na mambo yakaishia hapo.

Fikiri, ndugu msomaji, mwandishi wetu wa leo angeifanya nini khabari hii. Machozi tayari anayo, njia anayo, mwanamume anayefuata nyuma anaye. Angeongeza sura mbili tu, Barira ageuke nyuma, amfute Mughith machozi. Anayeniambia kwamba mazungumzo haya ya ridhaa ni mageni, yameletwa na Wazungu, namwomba aanzie Madina kabla hajafika London. Na anayesema kwamba mwanamke mwenye haya hatamki atakacho, akumbuke ni Bibi Khadija (R.A.) aliyeanza kuonyesha nia, akamtuma mwanamke mwenzake kwenda kusema. Hakuna Mwislamu anayedhani kuwa alipungukiwa na haya.

Sisemi waandishi wasiandike habari za kulazimishwa. Hilo litakuwa kosa kubwa, kwani yapo, na waandishi wetu bora wameyaandika vizuri. Said Ahmed Mohamed katika Utengano, kilichotoka 1980, ametuonyesha Maksuudi, baba aliyemfungia binti yake Maimuna ndani, na nyumba iliyojengwa juu ya woga namna inavyobomoka. Shafi Adam Shafi, katika Vuta N'kuvute cha 1999, anaanza na Yasmin, mtoto wa miaka 15, katika nyumba ya mume wa miaka 52, Bwana Raza. Raza si jini. Anamlisha, anamvisha, anampenda kwa namna yake. Mwandishi mwingine angetumia kurasa 200 kumfundisha Yasmin kumpenda. Shafi anamwacha msichana aondoke, ajute, afukuzwe na jamaa zake, apate shoga, akosee, na apende mtu aliyemchagua mwenyewe, kwa gharama yake mwenyewe. Mwaka 2021 Amil Shivji aliifanya filamu, na hakuna mtu niliyemsikia akilalamika kwamba mapenzi yamepungua humo. Msomaji hutetemeka kwa sababu hajui Yasmin atasema nini. Pale ambapo "sitaki" na "nataka" zote zina mwisho mmoja, mtu atetemekee nini?

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaotunga, wa vitabu na wa simu, ni dogo. Mlazimishaji awepo, lakini kalamu isimlipe. Na binti akikubali, msomaji aone ni nini kilichombadilisha, zaidi ya kuchoka. Wahariri nao wakiletewa hadithi yenye mkono ulioshikwa kisimani wasione tabu kumrudishia mwandishi na kumuuliza kama nilivyopaswa kuulizwa mimi.

Ama yule kijana, nilikwenda kuonana na wazee wake baada ya Isha. Walinipokea kwa heshima, kahawa ikaletwa. Mzee wake akacheka, akasema vijana ndivyo walivyo, na kama binti hana mchumba ubaya uko wapi. Nikamwambia ubaya ni kwamba ameulizwa, na amejibu. Tukanyamaza wote wawili kitambo. Kisha akamwita mwanawe mbele yangu. Haikuwa rahisi kwa yeyote kati yetu, na yule kijana, ingawa aliitikia, macho yake yaliniambia kuwa anajiona ni Mughith na mimi ndiye adui wa hadithi. Tangu hapo hajapita njia ile, wiki ya tatu sasa. Dada yangu bado humpeleka binti yake mpaka stejini na kumngoja jioni.

Mpwa wangu aliniuliza jambo moja tu juu ya Barira: kama watu wa Madina walimlaumu. Nikamwambia sikuona mahali palipoandikwa hivyo. Akatikisa kichwa, akafungua simu, akaifuta ile hadithi aliyokuwa akiisoma. Alikuwa amefika sura ya 14, na sura zilizobaki alikuwa ameshazilipia. Nikamwambia angalau aimalize, pesa zimekwenda. Akasema mwisho wake anaujua.