Drive D si nakala rudufu!

Nalisema hili kwa wenye saiba, studio za picha, shule na vyama vya akiba, kuanzia Isebania hadi Mbita: faili ulilolinakili kutoka C kwenda D halijaenda popote. Kwenye kompyuta nyingi za huku, C na D ni vyumba viwili vya nyumba moja. Diski ikifa, vyote vimekufa.

Halafu kuna watu wa fleshi. "Mimi hunakili kila Ijumaa." Ijumaa ipi? Ile ya matanga? Ile ya mwisho wa mwezi, wateja wamejaa mlangoni? Au ile ya 25 Agosti 2023, stima zilipopotea karibu nchi nzima? Binadamu husahau, hiyo si dhambi. Kazi ya kurudiarudia bila kufikiri ni ya mashine.

Na mashine inaijua kazi hiyo zamani! Apple walitoa Time Machine mwaka 2007. Windows 8 ilikuja na File History mwaka 2012, na bado imo ndani ya Windows 11. Chomeka diski ya nje, ingia Control Panel, iwashe. Basi. Kila saa itanakili mafaili yaliyobadilika. Wa Linux tuna rsync na cron, mstari mmoja tu. Lakini angalia: File History huchukua makabrasha ya kawaida kama Documents, Pictures na Desktop. Ile D yako haiguswi mpaka uiongeze mwenyewe.

"Hatuna pesa ya diski." Jamani! Wewe mwenye studio Homa Bay, umelipwa kurekodi mazishi. Arusi mtu anaweza kuvaa tena suti mkapiga picha upya, kwa aibu. Mazishi je? Nawe mwenye rekodi za wanachama au wagonjwa pale Migori, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inagusa pia uwezo wako wa kurejesha data baada ya ajali. "Kompyuta iliharibika" si jibu.

Wenzangu watengeneza programu nao watasema: weka kila kitu mtandaoni. Kwa bando la nani? Video ya siku nzima hujaza gigabaiti nyingi. Tena, kusawazisha mafaili si kuhifadhi: ukifuta huku, na kule linafutika. Kapu la taka la mtandaoni lina siku zake, kisha kwaheri. Mtandao uwe nakala ya ziada kwa barua na hesabu, sawa. Usiwe kisingizio.

Ila diski iliyochomekwa mchana na usiku nayo si salama. Radi za ukanda huu wa ziwa mnazijua. Stima zikirudi kwa kishindo, kompyuta na diski huungua pamoja. Mwizi hubeba vyote viwili. Virusi vya kudai fidia, kama WannaCry ya Mei 2017, hufunga pia mafaili ya diski iliyounganishwa. Kwa hiyo nunua mbili. Moja ifanye kazi, nyingine ilale kwingine, ikiwa imefungwa kwa nywila. Badilisha kila Jumatatu, na uichague upya kwenye File History. Ukisahau wiki moja, nakala ya kila saa bado ipo. Ukiwa na matawi Migori na Homa Bay, diski na ipande matatu kupitia Rongo!

Mwisho, jaribu kurejesha. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab alifuta hifadhidata kwenye seva isiyo yake, na nakala walizozitegemea zikawa hazifai. Waliokolewa na nakala iliyochukuliwa saa 6 hivi kabla, kwa sababu nyingine kabisa. Wale ni mabingwa, wewe je? Leo jioni kabla ya kufunga duka, chukua faili moja la mwezi jana, lirejeshe kutoka diski ya nje, lifungue. Likikataa, kesho usifungue saiba mpaka ujue kwa nini.