Ugenini Penye Matetemeko ya Nchi

Mtu aliyezaliwa mahali patulivu huiamini ardhi bila kufikiri. Akienda kukaa Japani kwa masomo au kwa kazi, imani hiyo humtoka siku ile taa ya darini ianzapo kupepesuka na vikombe kugongana kabatini. Wenyeji huitazama taa kidogo, kisha huendelea na chakula chao. Mgeni hubaki ameshika meza. Na usiku ule kila gari kubwa lipitalo njiani humwamsha.

Hofu yake si ya bure. Tarehe 1 Septemba 1923, dakika mbili kabla ya saa sita mchana, Tokyo na Yokohama zilitikisika wakati chakula kilipokuwa motoni. Walikufa watu wapatao 105,000, na wengi wao hawakuuawa na nyumba zilizoanguka, bali na moto uliochukuliwa na upepo.

Walakini iko hofu ya pili iliyo ya mgeni hasa, nayo ni ya lugha. Mji wa Kobe ulipopatwa na tetemeko tarehe 17 Januari 1995, kabla ya mapambazuko, walikufa watu zaidi ya 6,400. Matangazo mengi yalitolewa kwa Kijapani kigumu cha maofisini, hata wageni wengi waliosalimika hawakujua maji yanagawiwa wapi. Ndipo wataalamu wa lugha walipotengeneza Kijapani chepesi kwa ajili ya siku za maafa. Badala ya “hinan”, neno la kiofisi la kuhamia mahali pa salama, wakashauri litumike “nigete”, yaani “kimbieni”, ambalo hata mwanafunzi mchanga wa lugha aweza kulijua. Karani aandikaye matangazo kwa raia, popote alipo, angefaa kulitafakari jambo hili. Tarehe 1 Januari 2024, bahari ilipotishia rasi ya Noto, mtangazaji wa televisheni ya taifa alipaza sauti kwa neno hilo hilo, nalo likaandikwa kwenye kioo kwa herufi zile wanazoanza nazo watoto.

Tangu mwaka 2007 lipo na onyo litangulialo tetemeko. Mawimbi ya kwanza ya ardhi huenda mbio lakini ni dhaifu. Mitambo huyanasa, na simu hulia kabla ya yale yenye nguvu kufika. Nafasi ipatikanayo ni ya sekunde chache tu, na aliye karibu mno na chanzo huenda asipate hata hizo. Zamtosha mtu kuingia chini ya meza.

Baada ya tetemeko na gharika ya bahari ya tarehe 11 Machi 2011, wageni wengi waliondoka, wengine kwa kuitwa na wazazi wao kwa simu usiku na mchana. Wengine walibaki. Mgeni wa namna hiyo huweka mkoba karibu na mlango, wenye maji, tochi na pasipoti. Viatu huviweka kando ya kitanda, maana vioo vikivunjika gizani, hawezi kuufikia huo mkoba kwa miguu mitupu.