Wajukuu wa Masisi si wageni

Bwana Mhariri,

Inauma kusikia vijana waliozaliwa hapa Masisi, mashariki mwa Kongo, wakiambiwa warudi kwao. Babu za wengi wao waliletwa na Wabelgiji kutoka Rwanda kuanzia 1937, wakafanye kazi katika mashamba ya walowezi. Sheria ya 1972 iliwapa uraia wa nchi hii, ya 1981 ikawanyang'anya; mwaka 1993 damu ya jamii yao ikamwagika sokoni Ntoto, Walikale.

Jirani wa mwandishi wa barua hii, mama muuza viazi mwenye kadi ya mpiga kura, juzi alizuiwa barabarani kwa sababu tu ya lugha aliyosalimia nayo.

Wahunde na Wanyanga, wenyeji wa eneo hili, wana haki ya kudai ardhi ya mababu, na jambo hilo lisipuuzwe. Lakini sheria ya uraia ya 2004 inazitambua jamii zilizokuwa nchini wakati wa uhuru. Waheshimiwa wabunge, njooni mwieleze vijijini.

Msomaji, Masisi