Kijana akishachaguliwa NBA, akomae wapi? Miaka minne ya Kuminga wa Goma pale Golden State

Kunako mwezi Mei 2025, Jonathan Kuminga, mzaliwa wa Goma, alifunga pointi 30 katika mchezo wa tatu wa Golden State Warriors dhidi ya Minnesota Timberwolves. Huku kwetu ilikuwa usiku wa manane. Wiki nne kabla ya hapo, katika mchezo wa mwisho wa msimu wa kawaida dhidi ya Clippers, kijana huyohuyo alikaa kwenye benchi mwanzo hadi mwisho. Mchezo uliofuata, dhidi ya Memphis, hakuingia tena. Kilichomrudisha uwanjani dhidi ya Minnesota ni jeraha: Stephen Curry aliumia msuli wa nyuma ya paja, na kocha Steve Kerr akahitaji mtu wa kufunga.

Katika michezo minne ambayo Curry hakuwepo, Kuminga alifunga 18, 30, 23 na 26. Golden State ikatolewa hata hivyo, mchezo mmoja kwa minne. Kwa mashabiki wa basketi wa Kivu, hesabu hizo zilitosha kumlaani kocha. Lakini swali lenyewe ni la zamani kuliko Kerr, na linamhusu kila kijana wa Kongo anayeota Amerika: ukishachaguliwa na timu kubwa ukiwa na miaka 18, ukomae wapi? Kwenye benchi la mabingwa, kwenye timu ndogo isiyoonekana na mtu, au kwenye timu mbovu inayokuacha ucheze na kukosea?

Kuminga alizaliwa Oktoba 2002 na kuondoka Kongo mwaka 2016, akapitia shule tatu za sekondari huko Marekani. Vyuo vikuu vikubwa vilimtaka. Mwaka 2020 aliviacha vyote akasaini na G League Ignite, timu ambayo NBA yenyewe ilikuwa imeianzisha ili kuwalipa vijana mshahara wakisubiri kuchaguliwa. Alicheza huko michezo 13 tu, katika mashindano mafupi yaliyofanyika Orlando wakati wa Covid, kwa wastani wa pointi 15,8. Mitupo yake ya pointi tatu iliingia karibu moja kati ya nne. Alionekana wazi kuwa kijana mwenye mwili na kasi ya ajabu ambaye bado hajafundishwa vya kutosha.

Julai 2021, usiku wa drafti, pale timu zinapochagua vijana kwa zamu, Golden State ilimchukua nambari 7. Nafasi hiyo ilitoka kwa Minnesota, katika biashara ya mwaka 2020 iliyompeleka D'Angelo Russell kule na kumleta Andrew Wiggins.

Kwa kawaida nambari 7 huenda kwa timu dhaifu. Golden State haikuwa dhaifu. Ilikuwa na Curry, Klay Thompson na Draymond Green, watu waliochukua ubingwa wa 2015, 2017 na 2018, na walitaka mwingine kabla ya kuzeeka. Wenye klabu waliamua kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja: kushinda sasa na wazee, na kulea vijana watakaorithi. Vijana hao walikuwa watatu: James Wiseman, nambari 2 ya mwaka 2020, kisha Kuminga na Moses Moody.

Mpango ulifanikiwa nusu moja. Juni 2022 Golden State iliishinda Boston 4-2, na Kuminga akawa bingwa kabla ya kufika miaka 20. Ila katika fainali hiyo alionekana dakika chache tu. Msimu wote wa kwanza alipata wastani wa karibu dakika 17 kwa mchezo. Wiseman, aliyevunjwa nguvu na jeraha la goti, alipelekwa Detroit Februari 2023.

Jinsi hoki inavyolijibu swali hili

Mchezo uliolibishania swali hili kuliko mingine huko Amerika ya Kaskazini ni hoki ya barafu, ambayo kwetu wachache wanaifuata. Kijana anayetoka ligi za vijana za Kanada, akichaguliwa na klabu ya NHL, kwa kawaida alikuwa na njia mbili tu hadi afike miaka 20: abaki na timu kubwa, au arudi alikotoka. Ligi ya kati, AHL, ambako angecheza na watu wazima bila presha ya televisheni, ilikuwa imefungwa kwake. Sababu si afya yake wala kiwango chake. Ni makubaliano kati ya NHL na ligi hizo za vijana, ambazo hazitaki kunyang'anywa nyota wao wanaojaza viwanja vya miji midogo.

Matokeo yake yalionekana mwaka 2022. Shane Wright alichaguliwa wa nne na Seattle. Katika msimu mmoja alicheza NHL, akashushwa AHL kwa ruhusa ya siku chache, akaongoza timu ya vijana ya Kanada, akarudishwa Kingston, akauzwa Windsor, kisha akarudi AHL. Mwaka huohuo Montreal ilimchagua wa kwanza Juraj Slafkovsky kutoka Slovakia. Yeye alikuwa anacheza Finland, hivyo sheria ilimruhusu kwenda AHL. Montreal ilimbakiza juu. Akacheza michezo 39 na kuumia goti. Wote wawili wamesimama baadaye: Slafkovsky alipata pointi 50 msimu uliofuata, Wright 44 katika msimu wa 2024-2025. Lakini hakuna anayeweza kusema njia waliyopitishwa ilichaguliwa kwa kuangalia mahitaji yao. Makubaliano mapya ya NHL na wachezaji, ya Julai 2025, yalilenga kulegeza mlango huo kuanzia msimu wa 2026: kila klabu iweze kupeleka AHL kijana mmoja wa miaka 19.

Na mjadala huo wote ni wa wale wa juu. Boko Imama, aliyezaliwa Montreal kwa wazazi Wakongomani, alichaguliwa wa 180 mwaka 2015. Hakuna gazeti lililojiuliza akomae wapi. Alizunguka ligi za chini na kugusa barafu ya NHL kwa mara ya kwanza Aprili 2022.

NBA haina kizuizi kama cha hoki. Katika miaka mitatu ya kwanza ya mchezaji, klabu inaweza kumshusha kwenye timu yake ya G League na kumrudisha mara nyingi inavyotaka. Timu ya Golden State iko Santa Cruz, pwani, kusini mwa San Francisco. Yaani kwa Kuminga mlango ulikuwa wazi. Alipitishwa hapo mara chache tu.

Hapa ndipo lawama inapokaa vizuri zaidi kuliko kwenye dakika za fainali, kwa sababu klabu hiyohiyo ilikuwa na mfano nyumbani. Jordan Poole alichaguliwa nambari 28 mwaka 2019 na kuanza vibaya. Februari 2021 alishushwa kwenda kucheza na Santa Cruz kulekule Orlando, katika mashindano yaleyale ambayo Kuminga alikuwa anachezea Ignite. Michezo 11, zaidi ya pointi 22 kila mmoja, mpira mikononi mwake muda wote. Alirudi mtu mwingine, na mwaka uliofuata alikuwa mfungaji muhimu wa timu ya ubingwa.

Kwa nini Kuminga hakupewa miezi ya namna hiyo? Nambari 7 analipwa zaidi ya dola milioni 5 mwaka wa kwanza. Kumpeleka Santa Cruz kunafanana na kukiri kosa. Halafu majeruhi walikuwa wengi, na mwili wake ulihitajika kwa dakika kumi hapa, kumi na tano pale. Na tuseme ukweli, yeye mwenyewe alitaka kuwa juu. Hakuna kijana wa miaka 19 anayeomba kushushwa. Ndiyo maana uamuzi huo hauwezi kuachiwa kijana wala wakala wake.

Nambari 7 mwingine

Kuna watakaojibu kwamba angechaguliwa na timu mbovu angekuwa nyota leo. Jibu la swali hilo lipo, na ni Mkongomani pia. Bismack Biyombo, mzaliwa wa Lubumbashi, alichaguliwa nambari 7 mwaka 2011, miaka kumi kamili kabla ya Kuminga. Alitokea Fuenlabrada, Hispania, akiwa amecheza na watu wazima wa ligi ya huko. Usiku uleule alipelekwa Charlotte. Msimu huo Charlotte ilishinda michezo 7 na kupoteza 59, rekodi mbaya kuliko zote katika historia ya NBA kwa asilimia ya ushindi.

Biyombo alipata dakika tele, karibu 23 kwa mchezo. Hakuwa nyota. Alijenga maisha marefu ya ulinzi na rebaundi, zaidi ya miaka kumi, na mshahara wake wa msimu wa 2021-2022 aliutoa kwa ajili ya kujenga hospitali nyumbani Kongo. Ni kazi ya heshima kubwa. Lakini dakika peke yake hazikumfundisha kufunga, kwa sababu timu inayopigwa kila usiku haina muda wa kumfundisha mtu.

Oscar Tshiebwe, naye wa Lubumbashi, alipita upande mwingine. Alikuwa mchezaji bora wa vyuo vikuu mwaka 2022 akiwa Kentucky, na bado mwaka 2023 hakuna timu iliyomchagua. Akaingia kupitia G League, akawa mgeni bora wa ligi hiyo msimu wa kwanza. Yeye hakupewa muda wa kubishana.

Ukiwaweka hao pamoja, hoja ya timu kubwa au timu ndogo inapoteza nguvu. Kinachoonekana kumsaidia kijana ni kupata mambo mawili mahali pamoja: dakika za kutosha, na kocha anayeruhusiwa kupoteza mchezo ili kijana ajifunze. Charlotte ilikuwa na la kwanza. Golden State haikuwa na hata moja, si kwa sababu Kerr ni kocha mbaya, bali kwa sababu Curry alikuwa anazeeka na kila mchezo ulikuwa na bei.

Upande wa Kerr nao usikilizwe. Kikosi chake kiliishi kwa pasi za haraka na mitupo ya mbali. Green si mpigaji wa mbali, na Jimmy Butler, aliyeletwa Februari 2025 wakati Kuminga anauguza kifundo cha mguu, naye si mpigaji wa mbali. Akiongezwa Kuminga, wapinzani walijazana chini ya kikapu na Curry alikosa hewa. Kerr alisema hadharani kwamba kuwapanga watatu hao pamoja hakukuleta matokeo. Kwa kocha wa mechi ya kesho, alikuwa na haki. Januari 2024 alimwacha Kuminga nje dakika 18 za mwisho dhidi ya Denver na ikapotea; vyombo vya habari vikaandika kwamba kijana amepoteza imani naye. Wakaongea, akapewa nafasi, akamaliza msimu na wastani wa pointi 16. Mwaka mmoja baadaye tulikuwa tena kwenye benchi.

Njia aliyopita Kuminga haipo tena. NBA iliifunga Ignite mwaka 2024, baada ya vyuo vikuu kuruhusiwa kuwaacha wachezaji wavune pesa kwa majina yao. Kijana wa leo anapita chuo kama Dikembe Mutombo alivyopita Georgetown, ingawa Mutombo, aliyefariki Septemba 2024, alifika akitaka kusomea udaktari na akachaguliwa akiwa mtu mzima wa miaka 25. Khaman Maluach wa Sudan Kusini, aliyekulia Uganda, alikaa mwaka mmoja Duke, akachaguliwa nambari 10 Juni 2025 na kuishia Phoenix. Aliingia akiwa na miaka 19 kwenye timu ambayo Devin Booker hangemsubiri milele.

Kuminga mwenyewe alimaliza mkataba wake wa kwanza bila kujua atakwenda wapi. Majira yote ya joto ya 2025 yalipita katika mvutano na klabu. Mwishoni mwa Septemba alisaini miaka miwili, kwa jumla ya zaidi ya dola milioni 46. Mwaka wa pili ulikuwa hiari ya klabu, si yake. Oktoba 2025 alitimiza miaka 23, na katika misimu yake minne ya kwanza ni mmoja tu, ule wa 2023-2024, ambao aliingia uwanjani tangu mwanzo katika zaidi ya nusu ya michezo yake.