Punda wa Feri na tita la nyasi
Foleni ya Feri ya Likoni ikipungua, kando ya wauza miwa utamkuta punda kafungwa mkokoteni wa madumu ya maji, akitafuna kilichoanguka: maganda ya maembe, gunzi la mahindi ya kuchoma, hata karatasi iliyofungiwa viazi karai. Muulize mwenye mkokoteni, atakwambia punda hachagui. Hachagui kwa sababu ana njaa, bwana! Tumbo lake, sawa na la farasi wa wenye nacho, limeumbwa kwa nyasi, kidogo kidogo mchana kutwa. Punda wa kilo 150 anahitaji kilo 2 hadi karibu 3 za nyasi kavu kwa siku, maji safi na chumvi ya kulamba. Pumba na mahindi ni nyongeza tu. Zikizidi tumbo humsokota, na maumbile yake hayamruhusu kutapika. Kibaya zaidi ni nailoni. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017, ila vifungashio bado vimezagaa njiani, vinanukia chumvi na mafuta, naye anameza, vinaziba matumbo. Wenzetu wa Lamu, ambako punda ndiye gari, wana zahanati ya The Donkey Sanctuary tangu 1987, na matibabu ni bure. Sisi wa kisiwani Mombasa tumemwachia jaa. Juzi, hata hivyo, nilimwona kijana mmoja akitokea Likoni na tita la nyasi mbichi kichwani, feri imemvusha bila nauli, na punda wake ameshasimamisha masikio kabla hajamfikia.