Papa au taa? Shangazi aniumbua!

Nimerudi kutoka Kifanya, kule Njombe, na aibu yangu. Baridi ya kule niliivumilia. Kilichonimaliza ni kitoweo.

Shangazi aliniomba papa mkavu. Ujanani aliishi Tanga na mumewe, na tangu mzee afariki hajamtia papa mdomoni. Basi nikapita sokoni hapa Dar, nikalipa bila ubishi, nikapanda basi kifua mbele.

Nafika, namkabidhi kwa mbwembwe. Akakigeuza kile kipande, akakinusa, akacheka.

"Mwanangu, hii taa. Wamekupiga!"

Akanionyesha: ndani ya bawa la taa gegedu zimejipanga kama meno ya kitana. Minofu ya papa haiko hivyo.

Jamani, tusiwalaumu wauzaji peke yao, sisi wenyewe hatuangalii. Papa na taa ni mtu na binamu yake. Wote hawana mfupa mgumu, ni gegedu tupu. Ukimkuta mzima, mgeuze: papa mipasuko yake ya kupumulia iko ubavuni, taa iko chini, upande wa tumbo. Akishakatwa na kutiwa chumvi, imekula kwako.

Hata majina yanatuchanganya. Papa upanga, yule mwenye pua kama msumeno, ukimgeuza mipasuko iko chini. Huyo ni wa ukoo wa taa! Naye siku hizi ni adimu, yumo kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka duniani.

Na taa usimwone bwege. Steve Irwin wa Australia, yule aliyekuwa akishikana na mamba kwenye televisheni, mwaka 2006 aliuawa na mwiba wa taa, siyo meno ya papa.

Usiku tulimla huyo taa kwa ugali, sufuria ikabaki nyeupe. Nikamwomba shangazi radhi. Akanyamaza kidogo, akasema: "Hata marehemu aliwahi kuniletea taa akaniambia papa. Alikuwa amefurahi mno, sikumwambia."

"Mbona mimi umeniambia?"

"Wewe bado unakwenda sokoni."

Safari ijayo namnunua mzima, nimgeuze mwenyewe. Tukutane wiki ijayo!